Homa isiyokatika na vidudu vya ukutani: je, kala-azar inaweza kuhamia Goma?

Swali kutoka kwa mama mmoja wa Ndosho, Goma:

"Docta, jambo. Mimi ni mama wa watoto wanne. Mdogo wangu ni konvoyeri (utingo) wa malori, karibu mwaka mzima alikuwa anafanya njia ya Kampala, Juba mpaka Kapoeta, Sudan Kusini. Amerudi amekonda, ana homa ya mwezi na nusu sasa, inapanda jioni, asubuhi inashuka. Kituo cha afya walimpa dawa ya malaria mara mbili, kisha ya tifoidi, lakini homa haikatiki. Tumbo upande wa kushoto limekuwa gumu. Rafiki yake wa Kampala ametuandikia kwamba huenda ni kala-azar, ugonjwa wa homa ndefu na bandama kuvimba, unaoletwa na vidudu vidogo kuliko mbu. Jirani anasema tumtenge, sahani zake zisichangamane na za watoto, na godoro lichomwe. Mimi nimeanza kuviona vidudu hivyo ukutani mwa choo, nimekutumia picha. Wengine wanasema vinazaliwa kwenye mchanga wa volkano. Ugonjwa huu unaweza kuingia mji wetu? Watoto wangu wako salama? Na akipona, anaweza kurudi kazini?"

Jibu:

Mama, pole kwa mgonjwa. Nianze na lisiloweza kungoja. Mpelekeni hospitali kubwa wiki hii, yenye laboratwari na daktari wa magonjwa ya ndani, msirudi tena kwenye kituo kilichokwisha kumpa dawa mara tatu. Mkifika, kabla hamjaeleza homa wala tumbo, mwambieni daktari: "Huyu amelala Kapoeta." Muganga wa Goma akiona homa anawaza malaria na tifoidi, na hana kosa, ndizo anazokutana nazo kutwa. Hawezi kuuwazia ugonjwa wa mahali ambapo hajaambiwa kwamba mgonjwa alifika. Kwenye karatasi yake mdogo wako ni mkazi wa Ndosho, basi. Anwani inayohitajika hapa ni ya alikolala miezi sita, minane, kumi na miwili iliyopita.

Kuhusu nyumbani, kwa ufupi: sahani zisitengwe, godoro lisichomwe, na vidudu vya kwenye picha sivyo.

Picha yako imetoka vizuri kuliko nyingi ninazotumiwa. Nimeikuza. Mdudu ni wa kijivu, mabawa mapana yenye manyoya, ameyalaza mgongoni kwa mteremko kama paa la nyumba, na kuna wenzake wawili karibu na bomba. Huyo ni nzi wa mifereji. Anazaliwa kwenye ule utelezi mweusi wa ndani ya mabomba ya maji machafu na kwenye kingo za choo, na hang'ati mtu. Cha ajabu ni kwamba wewe hukukosea sana: yeye na mdudu unayemwogopa ni wa ukoo mmoja, wataalamu wanauita Psychodidae. Sugua bomba kwa brashi, mwaga maji ya moto siku kadhaa mfululizo, watapungua.

Yule mwenyewe ni usubi wa mchanga. Asichanganywe na usubi mweusi wa mito yenye maporomoko, wa ule ugonjwa wa upofu unaofanya vijiji vyetu vigawiwe dawa ya Mectizan. Usubi wa mchanga ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya majani makavu, macho meusi makubwa, na miguu mirefu kuliko mwili unavyostahili. Akitua halazi mabawa, anayasimamisha nyuma yake, moja huku na jingine kule, yakafanya herufi V. Hiyo ndiyo alama ya kumtafutia kwa tochi ya simu. Ya pili ni mwendo: anakwenda kwa kurukaruka, vituo vifupi vifupi juu ya ukuta au juu ya ngozi, mpaka apate mahali pa kukata. Na hana sauti. Mbu angalau hutangaza kwamba anakuja.

Jike peke yake ndiye anayekunywa damu, kwa ajili ya mayai. Mdomo wake ni mfupi, hauchomi mshipa kama wa mbu. Anaikata ngozi, anangoja kidimbwi kidogo cha damu kijae, ndipo anywe, na ndiyo sababu kuumwa naye kunasikika. Hutoka jua likianza kuzama na kuendelea mpaka alfajiri; mchana anajificha kwenye giza lenye unyevu, kwenye nyufa, mashimo ya wanyama, mapango, nyuma ya mbao.

Kimelea anachobeba kinaitwa Leishmania. Mwaka 1903 William Leishman na Charles Donovan, kila mmoja kivyake, walitangaza vijidudu walivyoviona katika bandama za wagonjwa wa India, na kimelea cha kala-azar, Leishmania donovani, kikabeba majina yao wote wawili. Kujua nani anayekihamisha kulichukua karibu miaka 40 zaidi. Jibu la mwisho lilipatikana India mwaka 1942, kwa watu waliojitolea kung'atwa na usubi waliokwisha kuambukizwa.

Safari yenyewe ya kimelea ndani ya mdudu inastahili kuelezwa, maana ndiyo inayojibu maswali yako mawili. Usubi akimnyonya mgonjwa anakimeza kimelea kikiwa mviringo, kimejificha ndani ya chembe nyeupe ya damu. Tumboni mwa mdudu kinabadilika: kinarefuka, kinaota mkia, kinazaliana kwa muda wa wiki moja au zaidi. Halafu kinatengeneza ute mzito unaoziba njia ya chakula. Mdudu akijaribu kunywa tena, damu haishuki. Inabidi atapike kwanza ute huo pamoja na vimelea vyake ndani ya kidonda, anywe kidogo, aache, ajaribu pengine, mara nyingi kwa mtu wa pili na wa tatu. Kimelea kimemnyima mwenyeji wake shibe ili kimtembeze. Ninapofundisha wadudu, hapa ndipo darasa zima huacha simu.

Angalia basi kinachotakiwa: mgonjwa, usubi wa aina inayofaa, wiki nzima au zaidi ya kungoja, kisha mtu mwingine. Pasipo mdudu huyo katikati, mdogo wako hawezi kuwapa watoto wako ugonjwa kwa kula nao, kukohoa karibu nao, kulala nao wala kuvaa shati moja. Damu ndiyo tahadhari ya kweli: asitoe damu kwa mtu, na sindano au wembe uliomgusa usitumiwe na mwingine. Hayo tungeyasema kwa mgonjwa yeyote. Jirani yako nadhani ana nia njema, lakini godoro ni mali.

Habari ya mchanga wa volkano nayo tuimalize. Huyu mdudu hatagi majini, na hapo vita vyetu vya mbu havimfikii. Mwage maji yote ya matairi, mfukie madimbwi yote ya komini ya Karisimbi, yeye hajali. Anataga kwenye udongo wenye kivuli, unyevu kidogo na mabaki ya vitu vinavyooza: majani, mavi ya kuku, shimo la panya, kichuguu, ufa wa ukuta wa udongo. Mabuu yake yanakula uozo huo, na kutoka yai hadi mdudu kamili ni kama mwezi mmoja hadi miwili. Mchanga mweusi mkavu tunaonunua wa kujengea hauna cha kuyalisha. Ufa wa jiwe la volkano uliojaa majani na mavi nyuma ya banda la kuku, huo ni habari nyingine, ingawa nao unalea tu usubi ambaye tayari yupo, hauwezi kumuumba.

Halafu ni mrukaji dhaifu. Upepo kidogo tu unamzuia, na wengi hawaendi zaidi ya mita mia chache kutoka walipozaliwa. Ndiyo maana ugonjwa wake hukaa kwa mabaka: avenyu hii ina wagonjwa kumi, ya pili hamna hata mmoja.

Sasa swali lako kubwa, la mji. Mji unaweza kabisa kuwa na ugonjwa huu, hata mji wenye lami. Mfano ninaoupenda kuufundisha ni Teresina, mji mkuu wa jimbo la Piauí, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Kwa miaka mingi kala-azar ya kule ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mashambani. Ukaja ukame, watu wakahamia pembezoni mwa mji, na walivyo watu wa shamba wakaja na kuku wao, mbwa wao, wakapanda miti ya matunda uani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlipuko mkubwa ukatokea mjini. Usubi wa kule, Lutzomyia longipalpis, alikuwa amegundua kwamba uani pana kila kitu: kuku wa kunyonya usiku, udongo wenye mavi wa kutagia, kivuli cha mwembe, na watu hatua kumi tu pembeni. Kuku mwenyewe haambukizwi, kimelea hakiishi ndani yake. Anachofanya ni kumlisha mdudu. Ghala la kimelea, yaani anayekitunza mwilini na kuwapa usubi, ni mbwa. Baadaye miji mingine ikafuata, São Luís, Natal, Belo Horizonte, Campo Grande. Serikali ikaua mbwa kwa wingi kwa miaka mingi, na ugonjwa ukaendelea kuhama mji hadi mji. Watafiti wengi wa Brazil hawaamini tena kwamba njia hiyo inafaa, nami niko upande wao.

Kabul ni hadithi tofauti kabisa. Pale mbwa si kitu, ghala ni binadamu mwenyewe. Vita vilibomoa nyumba, watu wakakimbia, wakarudi kwa maelfu na kukaa katika magofu, na usubi akastarehe kwenye vifusi na kuta za udongo zenye nyufa. Kimelea cha pale, Leishmania tropica, hakiendi kwenye bandama. Kinakaa kwenye ngozi, kinatoa kidonda usoni au mkononi kinachoweza kudumu mwaka, kisha kovu la maisha, ambalo kwa msichana ni mzigo mzito. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa 67,500 katika mji huo mmoja. Ouagadougou nayo iliona vidonda vya namna hiyo vikiongezeka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kimelea cha aina nyingine ambacho ghala lake huwa ni panya.

Na kwa wale wanaodhani hii ni habari ya umaskini na uchafu, kuna Fuenlabrada, karibu na Madrid, Hispania. Kuanzia 2009 wagonjwa wakaanza kujitokeza, wakapita 400 ndani ya miaka michache. Walitafuta kwa mbwa, hawakupata kitu cha maana. Chanzo kilikuwa bustani kubwa ya kisasa pembeni ya mji, ambamo sungura wa porini walikuwa wamezaliana sana na usubi akapata karamu.

Nimekaa kwenye miji hii kwa makusudi. Mbwa mahali pamoja, binadamu pengine, panya kwingine, sungura kwingine. Akija mtu Ndosho na bomba la dawa na kusema anakuja kumaliza ugonjwa wa usubi, muulize kwanza ghala ni nani. Akikosa jibu, mwache apite.

Goma je? Kala-azar ya upande wa Kapoeta ni ile ya Afrika Mashariki, ambayo ghala lake kubwa ni binadamu. Kwa hiyo kwa nadharia mdogo wako ni ghala, sikufichi. Lakini usubi wanaoibeba wana nchi zao. Phlebotomus orientalis ni wa mbuga za joto za Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia, penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, migunga na mijunju. Phlebotomus martini anapenda vichuguu, naye utampata Turkana, Baringo, Pokot, Karamoja. Ukichora ramani ya ugonjwa huu upande wetu wa Afrika unapita Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia, Somalia, Kenya, na ndani ya Uganda unabaki kona ya Karamoja. Goma haimo. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, mvua karibu mwaka mzima, juu ya miamba ya volkano: si mbuga ya migunga.

Ningeweza kuishia hapo nikakufurahisha, lakini mwinuko peke yake si kinga. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia na kwenye Mlima Elgon kuna usubi wa baridi wanaobeba kimelea cha ngozi kutoka kwa pimbi wanaoishi kwenye miamba na mapango, juu zaidi kuliko sisi. Kinachonituliza zaidi ni mfano wa Nairobi. Mji ule umepokea na kutibu wagonjwa wa kala-azar kwa miongo mingi, kutoka Baringo, Kitui, Machakos, na wagonjwa hao hawajaufanya kuwa mji wa kala-azar. Mgonjwa mmoja au kumi hawatoshi, mdudu wake hayupo. Na hata ukiona ukutani mdudu mwenye mabawa ya V, usipige kelele: Afrika imejaa usubi wa jamii ya Sergentomyia, ambao wengi wao wanapendelea kunyonya mijusi.

Kwa hiyo watoto wako, kwa ugonjwa huu, siwahofii. Wakipata homa, wapimwe malaria siku hiyo hiyo, maana hiyo ndiyo inayoua watoto wetu.

Turudi kwa mgonjwa. Kutoka kung'atwa hadi kuanza homa kwa kawaida ni miezi 2 hadi 6, na inaweza kupita hata mwaka. Mwaka wake wa barabarani unaingia humo vizuri sana. Homa inayopita wiki mbili, kukonda, na bandama iliyovimba kwa mtu aliyetoka eneo la kala-azar: hiyo inatosha kwa daktari kumchukulia kuwa mshukiwa. Ugumu unaousikia chini ya mbavu za kushoto kuna uwezekano mkubwa ndiyo bandama yenyewe. Tafadhali asikandwe pale. Na asichanjwe. Najua kuna wazee wanaochanja juu ya bandama na kupaka dawa. Kala-azar hupunguza chembe zinazogandisha damu, na mchanjo mdogo unaweza kutoka damu usiku kucha. Kwa sababu hiyo hiyo aspirini asipewe. Akitoka damu puani au kwenye ufizi, msingoje asubuhi.

Si lazima iwe kala-azar. Malaria ya muda mrefu inavimbisha bandama, kichocho cha tumbo pia, kifua kikuu kinakondesha na kuleta homa za jioni, na saratani za damu zinaweza kufanana na haya yote. Kuna pia homa ya kupe inayokuja na kuondoka, ugonjwa wa nyumba zenye sakafu ya udongo. Kimputu, kupe wake, Kongo inamjua tangu zamani: Joseph Everett Dutton, mtafiti Mwingereza, alikufa Kasongo mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiitafiti. Daktari atapima hayo, pamoja na VVU. Kipimo cha VVU msikikatae wala msikione kama tusi. Magonjwa haya mawili yakikutana, matibabu yanabadilika. Na msishangae malaria ikionekana kwenye damu. Mtu anaweza kuwa na malaria na kala-azar pamoja, na karatasi yenye alama ya kujumlisha kwa malaria imewachelewesha wengi.

Kipimo cha haraka cha kala-azar kinaitwa rK39. Ni tone la damu kwenye kikaratasi, jibu ndani ya nusu saa. Kina tabia mbili ambazo daktari asiyekizoea huenda asizikumbuke. Kinafanya kazi vizuri India kuliko Afrika Mashariki, kwa hiyo kikisema hapana huku bandama imefika kitovuni, kazi haijaisha. Itabidi kutafuta kimelea chenyewe kwa darubini, katika uboho, tezi, au bandama. Kutoboa bandama ndiko kunakoonyesha zaidi na ndiko kwa hatari zaidi, kufanywe tu na aliyezoea na baada ya kupima kuganda kwa damu. Tabia ya pili: baada ya mtu kupona, rK39 inaendelea kusema ndiyo kwa miaka. Miezi michache baadaye mtu asimpime tena na kumtangaza mgonjwa upya kwa sababu ya kikaratasi hicho tu.

Kama hospitali haina kipimo, na katika mji usio na ugonjwa huu hilo halitakuwa ajabu, daktari aulize INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo ina laboratwari hapa Goma. Njia nyingine, kama ana nguvu ya kusafiri, ni kumpeleka wanakoutibu kila siku: Amudat huko Karamoja, Uganda, au Kacheliba, Pokot Magharibi, Kenya. Ni mbali, najua, na hali ya barabara mnaijua kuliko mimi. Lakini kala-azar ya bandama isiyotibiwa inaua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100, na ikitibiwa mapema wengi sana wanapona.

Dawa zenyewe si za kununua sokoni Birere. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitumia sindano za sodiamu stibogluconati pamoja na paromomisini, kila siku kwa siku 17. Sindano hizo zinauma, na hiyo sodiamu stibogluconati inaweza kusumbua moyo. Sasa kuna njia fupi zaidi iliyojaribiwa katika ukanda huu: miltefosini ya kumeza na sindano za paromomisini, siku 14. Miltefosini haipewi mwanamke mwenye mimba, maana inaweza kumdhuru mtoto. Kwa walio mahututi, wenye mimba au wenye VVU kuna amfoterisini B ya kutundikwa. Daktari atachagua.

Chandarua mlicho nacho kitumieni, kwanza kwa ajili ya malaria. Usubi wa mchanga ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida, ila chenye dawa kinamdhuru akigusa. Matokeo yake yametofautiana: vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa kwa wingi Gedaref, Sudan, kuanzia 1999 viliambatana na kupungua kwa wagonjwa, wakati utafiti mkubwa wa India na Nepal uliotoka 2010 haukuona faida dhidi ya kala-azar. Mimi nasoma hivi: chandarua kinamlinda mtu pale alipo usubi wakati mtu amelala. Anayeng'atwa saa moja jioni akiota moto uani, chandarua chake bado kimekunjwa.

Mbwa wenu mwacheni. Banda la kuku, kama limeegemea ukuta wa mbao wa chumba cha watoto, lisogezeni kwa sababu ya harufu na panya, si kwa sababu ya kala-azar. Dawa ya kupuliza hela yake ipelekeni kwenye vipimo.

Kuhusu kurudi kazini: ndiyo, akipona anaweza. Asiondoke Goma mara tu sindano zikiisha, arudi kuonwa baada ya mwezi, na tena baada ya miezi 6, ndipo tuseme amepona. Katika muda huo anaweza kutokwa na vipele au mabaka usoni, yakianzia karibu na mdomo. Ni jambo la kawaida baada ya kala-azar ya Sudan na Sudan Kusini, na mara nyingi yanaisha yenyewe, lakini yanabeba vimelea, kwa hiyo ayaonyeshe hospitali kabla ya kwenda kulala tena penye usubi. Mtu aliyepona kwa kawaida hapati ugonjwa huo mara ya pili, ila kinga ikishuka unaweza kurudi.

Na kule njiani abadilishe malazi. Kulala chini ya lori, pembeni ya kichuguu au chini ya migunga, shati wazi kwa ajili ya joto, ndivyo makonvoyeri wengi wanavyofanya, na ndivyo usubi anavyowapata. Afunge chandarua chenye dawa juu ya bodi ya lori, avae suruali ndefu na soksi kabla jua halijazama, apake dawa ya kufukuza wadudu kwenye vifundo vya miguu na shingoni.

Leo hii, kabla ya hospitali, mwombe simu yake umpigie dereva na yule konvoyeri mwenzake. Walilala chini ya lori lile lile, usiku ule ule. Waulize kama kuna mwenye homa iliyopita wiki mbili, na kama yupo, popote alipo, naye aseme Kapoeta kabla ya kusema homa.